Difu ya kuvutia tela: maswali ya wenye pikapu wa Tabora na Kigoma

Maswali haya huletwa na watu walewale: wanaobeba marobota ya tumbaku Urambo na Kaliua, wanaoshusha ndizi na kahawa kutoka Kalinzi, wanaopeleka mashine za kusaga vijijini, na wenye boti pale Kibirizi. Wengi huja wameshaambiwa "badili difu" kabla hata ya kujua waliyonayo. Difu ni zile gia za kwenye ekseli zinazopeleka mzunguko wa injini kwenye matairi. Mifano mingi hapa ni ya Hilux na Land Cruiser kwa kuwa ndizo zinazovuta tela huku kwetu.

Namba ya difu, kwa mfano 4.1, maana yake nini?

Propela shafti (mhimili mrefu unaotoka giaboksi kwenda difu) inazunguka mara 4.1 ndipo tairi lizunguke mara moja. Namba yenyewe inatokana na meno. Kraunwili (gia kubwa ya difu) ya meno 41 ikikutana na pinioni (gia ndogo inayoizungusha) ya meno 10, unapata 4.1. Meno 41 kwa 9 ni 4.556, 39 kwa 8 ni 4.875, 43 kwa 11 ni 3.909, na 43 kwa 12 ni 3.583. Hizo zote zipo kwenye Hilux za miaka tofauti.

Namba ikiwa kubwa, tairi linapata msukumo zaidi, lakini injini inazunguka zaidi kwa mwendo uleule. Namba ikiwa ndogo, gari linakwenda mbali kwa mizunguko michache, na likipewa mzigo linaanza kuhema. Ni habari ileile ya sprokoti ya nyuma ya baiskeli: ikiwa kubwa unapanda kilima umekaa, kwenye tambarare unapiga pedali mpaka unachoka.

Nitajuaje difu iliyomo kwenye gari langu?

Kwa Toyota, anza na kibati cha chasi kilichoko chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. Kuna mstari wa giaboksi na ekseli wenye herufi na tarakimu, na muuza vipuri mzoefu anausoma mara moja. Tatizo ni kwamba kibati kinaeleza gari lilivyotoka kiwandani. Pikapu iliyopita mikononi mwa watu watatu kabla yako inaweza kuwa na difu nyingine kabisa, kwa hiyo mimi huhesabu.

Weka gari mahali tambarare, zuia matairi ya mbele kwa mawe, mbele na nyuma ya kila tairi. Inua tairi moja tu la nyuma kwa jeki, na gari likae kwenye stendi. Lile lingine libaki chini, nalo lizuiwe. Gia iwe fri, hendibreki iachiwe, na kama ni gari la magurudumu manne, liwe kwenye 2H (matairi ya nyuma tu). Chora alama ya chaki kwenye tairi na nyingine kwenye propela shafti. Mwenzako azungushe tairi lililoinuliwa mara 20 kamili, wewe uhesabu shafti ukiwa pembeni, si chini ya gari. Gawanya hesabu yako kwa 10. Shafti ikizunguka mara 41 unayo 4.1. Ikifika kati ya 45 na 46 ni 4.556, ikikaribia 49 ni 4.875, ikiishia 39 ni 3.909, ikiishia karibu na 36 ni 3.583.

Kwa nini tairi 20 na si 10? Kwa sababu tairi moja likiwa limeshikwa chini, lile la juu linazunguka mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa kraunwili. Watu wengi husahau hili, kisha wanakuja na difu ya "2.05" ambayo haipo duniani.

Ukiona tairi lililoinuliwa ni gumu kuzunguka, huenda difu yako ni ya kujifunga (inayozuia tairi moja kuzunguka peke yake). Hapo inua yote mawili na uzungushe mara 10.

Difu ya namba kubwa inaongeza nguvu ya injini?

Haiongezi. Injini ya farasi 90 inabaki ya farasi 90.

Sasa kama haiongezi nguvu, inasaidia nini nikipanda na tela kwenda Kasulu au Manyovu?

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote, kwa hiyo nivumilie kwa hesabu kidogo.

Chukua Hilux ya dizeli isiyo na turbo, lita 3. Msukumo wake wa juu, yaani nguvu ya kuzungusha, ni karibu Nm 200 (nyutonimita), na unapatikana kwenye mizunguko ya 2,400 hivi kwa dakika. Gari, tela na mzigo vyote vina tani 4. Mlima unapanda mita 5 kwa kila mita 100, barabara ni changarawe nzuri. Mlima peke yake unakuvuta nyuma kwa kilo 200, ubishi wa matairi unaongeza kilo 80 hivi. Kwa tairi la 265/70R16, matairi ya nyuma yanahitaji karibu Nm 1,050 ili mwendo usishuke.

Gia ya tatu ya Hilux za manyuo ni karibu 1.4. Ukiwa na difu ya 4.1: 200 mara 1.4 mara 4.1, toa moja ya kumi inayopotea njiani kwenye giaboksi na difu, unabaki na 1,030. Haitoshi, ingawa umekosa kidogo sana. Gari linaanza kuzubaa, resi zinashuka, unapangua kwenda ya pili. Ukiwa na 4.556 kwa hesabu hiyohiyo unapata karibu 1,150, na unapanda na ya tatu.

Lakini hiyo ni hewa ya pwani. Mji wa Kigoma uko juu ya mita 770 kutoka usawa wa bahari, na nyanda za Kasulu zinapita mita 1,200. Injini isiyo na turbo inapoteza karibu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000. Ondoa hiyo, na 4.556 nayo inarudi kwenye 1,030. Ukitaka kupanda na ya tatu pale, ni 4.875.

Na ya pili je? Gia ya pili ni karibu 2.3. Hata kwa 4.1 na hewa nyepesi ya Kasulu, unapata zaidi ya Nm 1,500 kwenye matairi. Gari litapanda bila shida, na hujatumia shilingi. Gharama yake ni mwendo: kwa mizunguko 2,500 ya injini, ya pili na 4.1 inakupa kilomita 38 kwa saa. Ya tatu na 4.875 inakupa 52.

Kwa hiyo swali la kujiuliza si kama gari litapanda. Litapanda. Jiulize ni mara ngapi kwa wiki unajikuta umekwama katikati: ya tatu inazidiwa, ya pili inapiga kelele. Anayepanda Manyovu kila siku na tela atakuwa na sababu ya kufungua difu. Anayepeleka jenereta mara moja kwa mwezi apangue gia, ale muwa, atafika.

Niko Tabora, huku ni tambarare. Hili linanihusu?

Linakuhusu kwa njia nyingine. Hakuna mlima wa maana mpaka uende Sekenke njia ya Singida, lakini mchanga upo, na mchanga unashika tairi kuliko mlima mwingi. Barabara ya vumbi inayoingia shambani huko Sikonge au Uyui wakati wa kiangazi inaweza kukudai msukumo mkubwa kuliko ile asilimia 5 ya hapo juu, na haina kilele unachokiona mbele. Unaondoka na tela, unacheza na klachi, baada ya nusu saa inanuka. Difu ya namba kubwa inapunguza mateso ya klachi wakati wa kuondoka. Hiyo ndiyo faida yake kubwa kwa mtu wa Tabora.

Kwenye lami, Tabora kwenda Nzega au Urambo, kinachokukaba ni upepo, hasa kama tela lina turubai refu. Hapo 4.1 inatosha wengi.

Kabla ya difu, punguza upepo wa matairi ukiingia mchangani na uujaze ukirudi lami. Hili nalirudia kila siku na wachache hunisikia, labda kwa sababu ni bure.

Naweza kujua mizunguko ya injini kabla ya kununua difu?

Ndiyo. Kwa tairi lenye mzingo wa mita 2.4 hivi, kama 265/70R16 au 265/65R17 (hizo mbili kimo chake ni karibu sawa), zidisha mwendo kwa difu, kwa gia, kisha kwa 7. Gia ya nne ni 1, ya tano ni karibu 0.85.

Kilomita 80 kwa saa, gia ya nne: 3.583 inakupa karibu mizunguko 2,000, 4.1 inakupa 2,300, 4.556 inakupa 2,550, na 4.875 inakupa 2,730. Ukiweka ya tano, 4.1 inashuka hadi 1,950 na 4.875 iko 2,320.

Sasa linganisha na injini yako inapenda kukaa wapi. Dizeli isiyo na turbo ikivuta tela kwa mizunguko 1,700 kwenye ya tano inateseka: moshi mweusi, joto linapanda, na dereva anakanyaga mafuta mpaka chini bila kupata kitu. Ikiwa 2,300 inapumua.

Upande wa pili usiusahau. Mtu wa 4.875 akienda Dar es Salaam bila mzigo kwa kilomita 100 kwa saa anakuwa kwenye 2,900 muda wote, na ni safari ndefu ya kusikiliza kelele.

Nimefunga matairi makubwa na gari limekuwa zito. Ni difu?

Ni matairi. Ukitoka kwenye 205R16 ukaweka 265/70R16, difu yako ya 4.1 inafanya kazi kama 3.9. Ukitoka inchi 31 kwenda 33, inakuwa kama 3.85. Watu hununua matairi ya kupendeza, kisha wanalalamika injini imechoka, wanafungua nozeli na pampu. Rudisha matairi ya kawaida uone kwanza. Kama umeyapenda na hutaki kuyaacha, basi hapo kupanda difu ngazi moja ni kurudisha gari lilipokuwa, usitegemee zaidi.

Kutoka 3.909 kwenda 4.1 nitaona tofauti?

Asilimia 5. Hutaiona. Usifungue difu kwa tofauti ya chini ya asilimia 10. Kutoka 4.1 kwenda 4.556 ni asilimia 11, kwenda 4.875 ni karibu 19. Hizo unazisikia tangu kuondoka.

Gari langu lina turbo. Nichague ipi?

Iache ilivyo. Injini kama 1KD ya lita 3 inatoa Nm 343 kuanzia mizunguko 1,400 hivi, na turbo inafidia sehemu kubwa ya hewa nyepesi ya huku juu. Ukiiwekea 4.875 unaipeleka kwenye resi ambazo haizihitaji. Kwa turbo, kati ya 3.583 na 4.1 kunatosha, na kama inazidiwa na tela la tani mbili, tafuta ugonjwa: hosi ya turbo iliyopasuka, kichujio cha hewa kilichojaa vumbi jekundu la Kibondo, nozeli.

Na Land Cruiser mkonga?

Ile ya 1HZ, lita 4.2 isiyo na turbo, hutoka na 4.1 hivi na msukumo wa karibu Nm 285. Ya V8 ya dizeli hutoka na 3.909. Sijaona sababu ya kugusa yoyote kati ya hizo kwa ajili ya tela la kawaida. Ukiona 1HZ inashindwa mlima wa Kasulu na tani mbili nyuma, kuna kitu kimekufa, na si difu.

Nina otomatiki.

Otomatiki za sasa zina gia sita na kuendelea, na tofauti kati ya gia na gia ni ndogo, hivyo lile pengo la ya pili na ya tatu halikuumi. Zima ovadraivu au tumia kuchagua gia mwenyewe mlimani, na uilinde oili ya giaboksi isipate joto. Difu usiiguse.

Mtandaoni Wamarekani wanasema 3.73 ndiyo ya kuvutia. Mbona hapa unataja 4.5?

Wao wanaongelea magari mengine. Ford F-150 huuzwa na chaguo kama 3.31, 3.55 na 3.73; Ram 1500 ina 3.21, 3.55 na 3.92. Hizo ni injini kubwa au zenye turbo, otomatiki zenye gia nane mpaka kumi, na barabara kuu za lami. Kule mnunuzi anachagua difu siku anapoagiza gari, na uzito anaoruhusiwa kuvuta unabadilika kufuatana na difu aliyoichagua. Ukiichukua 3.73 yao ukaiweka kwenye Hilux ya lita 2.8 isiyo na turbo, ukafunga tela, hutatoka Mwandiga.

Pikapu yangu ni 4x4. Naweza kubadili difu ya nyuma tu, ya mbele nikaiacha?

Hapana, labda uwe umeamua kutotumia tena magurudumu manne maisha yako yote. Ukiingiza 4H (magurudumu manne, gia ya kawaida), matairi ya mbele na ya nyuma yanataka kwenda mwendo tofauti wakati yamefungwa pamoja. Kwenye tope yatateleza na kukusamehe kidogo. Kwenye ardhi kavu kitu kitavunjika, na mara nyingi ni mnyororo au gia za transfa (giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma). Kwa hiyo hesabu gharama ya difu mbili tangu mwanzo. Hapo wengi huahirisha, na sidhani wanakosea.

Mafuta yatapanda?

Bila mzigo, ndiyo, kidogo. Na tela, si lazima: injini iliyo kwenye resi zake inaweza kunywa sawa au pungufu kuliko ile inayokanyagwa mpaka chini ili tu isizime. Atakayekuahidi akiba ya lita fulani kwa kubadili difu, mpuuze.

Kununua difu ya mtumba kuna hatari gani?

Nunua difu nzima iliyotoka kwenye gari moja, usinunue kraunwili huku na pinioni kule. Meno hayo yalisagwa pamoja kiwandani kama jozi. Ukichanganya, itavuma mpaka siku utakapoitoa. Kabla ya kulipa, ihesabu meno mwenyewe. Pitisha kidole kwenye kila jino ukitafuta kingo zilizomeguka au rangi ya bluu ya kuungua, na uangalie oili iliyobaki ndani: ikiwa na chembe za chuma zinazong'aa kwa wingi, irudishe.

Kufunga ni kazi ya vipimo. Difu ya inchi 8 ya Hilux hutaka mwanya wa milimita 0.13 hadi 0.18 kati ya meno, na mwanya huo haupimwi kwa kuitikisa kwa mkono. Muulize fundi kama ana saa ya kupimia (geji ya mshale), na kama hupaka rangi kwenye meno aone yanagusana wapi. Akikuambia "naisikia tu", nenda kwa mwingine, hata kama ni binamu yako.

Navuta boti kutoka majini pale Kibirizi, klachi inaungua. Nibadili difu?

Tumia 4L (magurudumu manne, gia nzito). Inazidisha nguvu mara mbili na zaidi, na tayari umeilipia. Difu ingekuongezea asilimia 11 au 19 tu.

Nikiweka difu kubwa naruhusiwa kuvuta tani zaidi?

La. Uzito unaoruhusiwa umeandikwa kwenye kitabu cha gari, na unategemea chasi, breki na ndoano. Kwa pikapu nyingi, tela lisilo na breki zake mwisho ni kilo 750. Difu itakusaidia kupanda. Kushuka kutoka Manyovu na tani mbili zinazokusukuma kunahitaji breki kwenye tela. Ni kweli difu kubwa inaisaidia injini kushikilia gari mteremkoni, ila si mbadala wa breki. Na tela likiyumba, panga mzigo upya, uzito uje mbele kidogo. Difu haihusiki.

Spidi mita itasema kweli baada ya kubadili?

Kwa magari mengi ya zamani, hapana. Inasoma kutoka giaboksi, kwa hiyo ukitoka 4.1 kwenda 4.556 na matairi yaleyale, ukiwa kwenye 80 itaonyesha karibu 89. Hapo uko salama mbele ya tochi ya trafiki. Hatari ni kwa anayeshuka namba au kuongeza matairi: mita inasoma 50 kijijini na yeye yuko 54. Kuna gia ndogo ya plastiki kwenye giaboksi inayobadilishwa kurekebisha hilo, muulize muuza vipuri.

Nimefunga difu mpya leo. Kesho naweza kuvuta tela kwenda Uvinza?

Subiri. Meno mapya hupata joto kali mpaka yazoeane. Safari za kwanza ziwe fupi, bila mzigo, kisha simama difu ipoe kabisa kabla ya kuendelea. Usivute tela kwa kilomita 800 za mwanzo, na zikitimia mwaga oili uweke mpya ya GL-5, 80W-90 au 85W-90. Ikiwa difu ni ya kujifunga, chukua oili iliyoandikwa kuwa ni ya difu hizo. Oili ya kwanza itatoka na unga wa chuma uliotanda kama rangi ya fedha, hilo ni la kawaida. Kikitoka kipande unachoweza kukishika kwa vidole, rudi kwa fundi nacho mkononi.